Mguu ulio mzito: fizikia ya barabara ya Goma–Sake, 27 Mei 2021

Katika juma moja la Mei 2021 mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipitiwa na vimiminika viwili. Cha kwanza kilikuwa lava iliyopasua ubavu wa volkano ya Nyiragongo jioni ya Jumamosi, tarehe 22, ikashuka hadi Buhene, ikakata barabara ya Rutshuru na kusimama karibu na uwanja wa ndege. Cha pili kilikuwa watu wa Goma wenyewe, ambao Alhamisi, tarehe 27, waliijaza barabara ya kwenda Sake, mji mdogo jirani, kutoka ukingo hadi ukingo. Kuhusu kile cha kwanza mwalimu wa fizikia hahangaiki sana: lava ya Nyiragongo ina silika kidogo, kwa hiyo mnato wake ni mdogo, hutiririka upesi kuliko lava ya milima mingine mingi, hufuata mteremko, na hukoma inapopoa. Kuhusu kile cha pili nimekuwa nikibishana na wanafunzi wangu, na mara nyingine na nafsi yangu, tangu siku hiyo, kwa sababu sikukitazama kutoka pembeni. Nilikuwa tone mojawapo.

Swali ni kama kanuni zinazoeleza maji, gesi na punje za mchanga zinaweza kueleza mwenendo wa watu. Jibu langu ni kwamba zinaweza, tena mahali pengine kwa usahihi unaoudhi, mradi tusikosee mapema katika jambo moja, nalo ni kuamua chembe ni nini. Karibu kila anayeandika juu ya fizikia ya jamii huchukulia kwamba chembe ni mtu mmoja. Kisa cha siku ile kinaonyesha kwamba chembe iliyotembea kwenye barabara ya Sake ilikuwa nyumba, yaani watu wote wanaokula sufuria moja, na nyumba ina sifa ambazo huwezi kuzipata kwa kujumlisha sifa za waliomo na kuzigawa kwa idadi yao.

Nianze na mambo yalivyokuwa. Mlipuko wa tarehe 22 uliua watu zaidi ya 30 na kuteketeza vijiji vya kaskazini mwa mji. Usiku huohuo maelfu walivuka mpaka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, na wengi wao walirudi kulipokucha walipoona lava imesimama. Lakini ardhi haikutulia. Mitetemeko ilifuatana mchana na usiku, nyufa zikatokea barabarani na katika kuta za nyumba, na wataalamu wakaona dalili kwamba magma, yaani mawe yaliyoyeyuka ambayo bado hayajatoka ardhini, imejipenyeza chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu. Ziwa hilo limebeba kilindini takriban kilomita za ujazo 300 za gesi ya kaboni dioksidi na 60 za methani, kwa hiyo habari ya moto chini yake si ya kusikiliza ukiwa umeegemea kiti. Kabla hakujapambazuka tarehe 27, serikali ya kijeshi ya mkoa ilitangaza kwamba kartiye, yaani mitaa mikubwa, 10 kati ya 18 za mji zihamishwe mara moja, kwa sababu mlipuko mwingine ungeweza kuja bila onyo. Kartiye yetu, Mabanga Kusini, ilikuwa kwenye orodha. Waliohama siku hiyo na zilizofuata walikadiriwa kuwa watu 400,000 hivi.

Katika parsele yetu tulikuwa tisa: mimi, mke wangu, watoto watano, shemeji yangu mdogo, na mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Koko na ambaye magoti yake hayajamtii kwa miaka mingi.

Tangazo lilitufikia kwanza kupitia simu, kisha redio, kisha chefu wa avenyu aliyepita akigonga milango ya mabati kwa jiwe. Mtu angedhani kwamba tangazo moja, likisikiwa na wote kwa wakati mmoja, lingewatoa wote kwa wakati mmoja. Haikuwa hivyo kwenye avenyu yetu. Kijana mmoja mwendesha pikipiki, asiye na mke wala mtoto, alitoka mara ileile. Waliokuwa na gari walifuata. Sisi wengine tulisimama milangoni tukitazamana, kila mmoja akisubiri kuona mwenzake atafanya nini. Kilichomwamua mke wangu hakikuwa redio. Fundi seremala anayeishi mkabala nasi, mzee ambaye hajawahi kumwazima mtu randa yake hata kwa dakika tano, alitoka nje akaanza kuifunga randa hiyo na misumeno yake ndani ya gunia. Mke wangu alimtazama, akasema, “Kama yule amebeba randa, basi hili si neno la redio,” akaingia ndani kukunja magodoro.

Mwaka 1978 mwanasosholojia Mark Granovetter alieleza hali ya namna hii kwa hesabu nyepesi. Kila mtu ana kizingiti chake, yaani idadi ya wenzake anaotaka kuwaona wakitenda kabla naye hajatenda. Chukua watu 100, wa kwanza akiwa na kizingiti cha sifuri, wa pili cha moja, wa tatu cha mbili, na kuendelea hadi 99. Wa kwanza akitoka, wa pili humfuata, kisha wa tatu, na wote mia hutoka. Sasa mwondoe yule mwenye kizingiti cha moja, uweke badala yake mwenye kizingiti cha mbili. Wa kwanza atatoka peke yake na hakuna atakayemfuata. Mtu akitazama avenyu hizo mbili kwa juu atasema wakazi wa moja ni waoga na wa nyingine ni mashujaa, ilhali tofauti ni ya mtu mmoja tu.

Wanafizikia huona hapa sura ya maji yanayochemka: joto hupanda taratibu, maji yakiwa bado maji, kisha yakifika mahali fulani hubadilika hali yote kwa pamoja. Mfano huu naupenda kwa sababu Goma ina namna yake ya kuchemka. Mji uko mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100; ndiyo maana maharagwe yetu hula makaa mengi kuliko yale ya watu wa pwani. Kizingiti cha maji si mali ya maji peke yake, hutegemea pia kinachoyakandamiza kutoka juu. Siku tano za mitetemeko zilifanya kwa watu kile ambacho mwinuko hufanya kwa sufuria: zilishusha kiwango cha kuchemka. Tangazo lilelile, kama lingetolewa mwezi mmoja nyuma ardhi ikiwa imetulia, nadhani lingetoa watu wachache sana. Lilipotolewa tarehe 27, liliwatoa hata watu wa mitaa isiyokuwa kwenye orodha, ambao hawakuambiwa lolote ila waliona wenzao wakipita na magodoro kichwani.

Mpaka hapa kanuni inafanya kazi nzuri. Ilikwama mlangoni mwetu.

Koko alikataa. Mwaka 2002, lava ilipopita katikati ya mji hadi ziwani, alikimbilia Gisenyi kama wengine, akarudi baada ya siku chache kama wengine, akakuta nyumba imesimama lakini haina kitu ndani. Kwake yeye hatari iliyokuwa na uso ilikuwa mwizi. “Muende tu,” alisema, “miye nitabaki na kufuli.” Tulimsihi, tukamkemea kwa heshima, tukanyamaza. Mtoto wetu wa mwisho, wa miaka sita, aliketi kando yake akavua viatu. Kwa saa nzima watu wanane ambao vizingiti vyao vilikwisha kuvukwa walikaa palepale kama mawe, kwa sababu ya wa tisa.

Ukiandika jambo hili kwa hesabu, kizingiti cha nyumba si wastani wa vizingiti vya waliomo. Ni kile kilicho kikubwa kuliko vyote. Nyumba hutoka pale mgumu wa mwisho anapokubali, au haitoki. Mfano wa Granovetter hauharibiki kwa hilo, unahitaji tu kuhesabu nyumba badala ya vichwa na kumtafuta katika kila nyumba yule asiyetaka. Aliyemtoa Koko hatimaye alikuwa shemeji, aliyerudi na chukudu aliyoiazima, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili ambacho sanamu yake imesimama katika mzunguko mmoja wa mji wetu. Koko alisema kwamba hajawahi kubebwa kama gunia la makaa na kwamba hataanza leo. Dakika chache baadaye alikuwa juu yake, mtoto wa miaka sita mbele yake, ufunguo wa kufuli ukiwa umefungwa fundo katika pembe ya kitenge. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Barabarani fizikia inarudi na nguvu zake zote. Mtiririko wa watu unaopita mahali fulani ni zao la vitu vitatu: upana wa njia, msongamano wa watu katika kila mita ya mraba, na kasi yao. Mtu asiye na mzigo na asiyezuiwa hutembea takriban mita 1.3 kwa sekunde. Kadiri watu wanavyosongamana kasi hupungua, mpaka wakifika watano au zaidi katika mita moja ya mraba mwendo karibu unakufa. Kati ya ncha hizo mbili kuna kilele, pale watu wanapokaribia wawili kwa mita ya mraba, na hapo kila mita ya upana hupitisha mtu 1.2 hivi kwa sekunde. Tuchukue barabara ya upana wa mita 7, makadirio yangu ya macho. Itapitisha watu 8.4 kwa sekunde, yaani takriban 30,000 kwa saa. Tuseme, kwa ajili ya hesabu, kwamba nusu ya waliohama walipita njia hii siku ileile: watu 200,000 wangehitaji muda usiopungua saa sita na nusu kupita mbele ya mlango mmoja, hata kama hakuna aliyeanguka, aliyesimama wala aliyegeuka. Hakuna mahubiri wala filimbi ya polisi inayoweza kupunguza muda huo.

Hesabu hiyohiyo ina neno la kusema juu ya magari, na hapa wanafunzi wangu hukataa kuamini mpaka waandike wenyewe. Njia moja ya gari yenye upana wa mita 3.5, ikiwa wazi, hupitisha gari moja kila sekunde mbili, yaani 1,800 kwa saa; yakibeba watu watano kila moja, ni watu 9,000. Upana uleule ukiachiwa watembea kwa miguu utapitisha 15,000. Lakini njia haikuwa wazi. Gari lililonaswa katikati ya umati huenda kwa mwendo wa umati, mita moja kwa sekunde, na pamoja na nafasi yake ya mbele hula mita sita za barabara; kwa hiyo linapita gari moja kila sekunde sita, 600 kwa saa, watu 3,000. Mwenye gari aliyewasha taa na kupiga honi nyuma yetu tangu Katindo hadi Ndosho alikuwa amekalia nafasi ambayo ingepitisha watu mara tano zaidi. Sisemi kwamba ningefanya tofauti kama ningekuwa na gari.

Kabla ya kufika Mugunga tulianza kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka, bila kuona sababu. Kila mara tulidhani kuna jambo mbele, na kila mara tulipofika pale tulipodhani hapakuwa na kitu. Hili limepimwa. Mwaka 2008 watafiti wa Japani, Yuki Sugiyama na wenzake, walichapisha jaribio ambalo magari 22 yaliwekwa kwenye duara la mita 230 na madereva wakaambiwa waende kwa kasi moja. Hakukuwa na taa, mteremko wala gari bovu, lakini baada ya muda mfupi foleni ilizaliwa yenyewe na kuanza kusafiri kinyumenyume. Kwenye barabara kuu wimbi kama hilo hurudi nyuma kwa kasi ya kilomita 15 hivi kwa saa. Mmoja hufunga breki kidogo, wa nyuma yake hufunga zaidi, na wa ishirini husimama kabisa, akimlaani mtu ambaye tayari ameshaondoka.

Mahali pamoja palikuwa na sababu ya kuonekana kwa macho. Lori lililopakiwa magodoro, kabati na mbuzi watatu lilikuwa limeharibika likiwa limekaa mshazari, na kati ya ubavu wake na ukuta wa mawe ya lava palibaki upenyo wa watu wawili. Hapo niliona kwa macho yangu kile ambacho Dirk Helbing, Illés Farkas na Tamás Vicsek walikionyesha kwa kompyuta mwaka 2000: katika mlango mwembamba, watu wakitaka kwenda kasi zaidi ya mita 1.5 hivi kwa sekunde, hutoka polepole zaidi. Sababu ni msuguano na tao. Miili inayosukumana kutoka pande mbili hukutana kwenye mdomo wa upenyo na kushikana kama mawe ya daraja, na kila anayesukuma kutoka nyuma hulikaza tao lile. Darasani huwa tunalionyesha kwa maharagwe na chupa ya plastiki iliyokatwa kitako: ukiyamimina upesi hukwama shingoni, ukiyatikisa taratibu hushuka. Pale kwenye lori maharagwe yalikuwa na mabegi, na mikanda ya mabegi ilinasana. Mwanamke mmoja mzima, mfanyabiashara wa samaki kwa jinsi alivyovaa, alipanda juu ya gurudumu la lori akaanza kuita kwa sauti ya sokoni: wa ukutani mmoja, wa lori mmoja, wa ukutani mmoja. Walimtii. Sijui kwa nini walimtii yeye wakati mwanamume aliyekuwa na sare pembeni alikuwa amepuuzwa, na fizikia haina la kusema juu ya hilo. Inachoweza kusema ni kwamba amri ile ndogo ilivunja tao na mtiririko ukaongezeka ingawa hakuna aliyeongeza mwendo.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye chembe. Wazo la fizikia ya jamii ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1835, Ubelgiji ikiwa na umri wa miaka mitano tu kama nchi, mwanaastronomia wake Adolphe Quetelet alichapisha kitabu kikubwa juu ya binadamu na kukiita jaribio la fizikia ya jamii. Alichukua mbinu ya wapima nyota ya kutafuta wastani wa vipimo vingi, akaitumia kwa urefu wa miili, ndoa, vifo na makosa ya jinai, na katikati ya takwimu hizo akamweka kiumbe aliyemwita mtu wa wastani. Mfaransa Auguste Comte, aliyekuwa akitumia jina hilo la fizikia ya jamii kabla yake, alichukizwa kiasi cha kutafuta jina jipya la taaluma yake, na ndivyo neno sosholojia lilivyozaliwa. Baadaye, mwaka 1971, L. F. Henderson alipima kasi za watembea kwa miguu huko Sydney na kukuta zinatawanyika karibu kama kasi za molekuli za gesi. Mwaka 1995 Helbing na Péter Molnár waliandika mlinganyo ambamo kila mtembeaji husukumwa na kani ya hamu yake ya kufika na kuzuiwa na kani ya kutotaka kugusana na wengine. Nimeusoma mlinganyo huo mara nyingi, na ni mzuri. Lakini watembeaji wake, kama molekuli za Henderson na kama mtu wa wastani wa Quetelet, hawana mama mkwe.

Nyumba yetu ilikuwa na watu wanane ambao, nikikadiria kwa ukarimu, wangeweza kwenda mita 1.3 kwa sekunde, na mmoja ambaye kwa fimbo yake huenda mita 0.5. Wastani wa tisa hao ni mita 1.21 kwa sekunde, na kwa wastani huo kilomita 25 za kwenda Sake huchukua chini ya saa sita. Mpangaji wa uhamishaji anayefanya kazi kwa wastani ataandika kwenye karatasi yake saa sita na kuona mambo ni mazuri. Lakini hakuna nyumba inayotembea kwa wastani wake. Hutembea kwa mwendo wa aliye mzito kuliko wote, na kwa mita 0.5 kwa sekunde kilomita 25 ni karibu saa 14. Tungekutwa na usiku porini. Kama katika kuamua nyumba hushika kizingiti kilicho kikubwa, katika kutembea hushika kasi iliyo ndogo. Katika yote mawili wastani haukutumika hata mara moja.

Uzuri wa kuiona chembe namna hii ni kwamba inaonyesha mahali pa kuweka msaada. Chukudu ile haikumfaidi mtu mmoja. Ilitoa watu tisa katika mwendo wa saa 14 na kuwaweka katika mwendo wa saa saba, kwa kuwa mita moja kwa sekunde ndiyo kasi ambayo shemeji na kijana wangu mkubwa waliweza kuisukuma kwa zamu. Kiti kimoja cha gari kikipewa mzee asiyeweza kutembea, kinaongeza kasi ya nyumba nzima. Viti vitano vikipewa familia ya vijana wenye miguu mizuri, havimwongezei kasi mtu mwingine yeyote na vinazuia njia. Mwaka 2010 Mehdi Moussaïd na wenzake walionyesha, kwa vipimo vya mitaani Toulouse, kwamba hadi asilimia 70 ya watu katika umati hutembea kwa vikundi na wala si peke yao, na kwamba vikundi hivyo hubadili umbo la mtiririko. Hiyo ni mitaa ya maduka siku ya kawaida. Asubuhi ya kukimbia volkano, nilipoangalia mbele na nyuma, watu waliokuwa peke yao kweli walikuwa wa kutafuta, na karibu wote walikuwa wakienda kinyume, kurudi mjini, kumfuata aliyebaki au kuangalia mlango. Kila mmoja wao alikuwa jiwe katikati ya mto, na wengi wa walioandika juu ya msongamano wa siku ile wamewaita wakaidi. Ukihesabu kwa nyumba, hao walikuwa vipande vya chembe moja vikivutwa kurudi kwenye vyenzao, na mvuto huo ungeweza kutabiriwa.

Upande wa kuelekea nao una kanuni yake. Ernst Georg Ravenstein aliandika sheria za uhamaji mwaka 1885, na mwaka 1946 George Kingsley Zipf akazipa sura ya kanuni ya mvutano ya Newton: wahamao kati ya miji miwili huongezeka kadiri idadi za wakazi wake zinavyozidishana, na hupungua kadiri umbali unavyokua. Kwa kanuni hiyo sisi wa Mabanga tungevuka kwenda Gisenyi, mji mkubwa kuliko Sake na ulio karibu kwa mwendo usiofika saa moja. Tulienda Sake, kwa sababu tangazo lilituelekeza huko na zaidi kwa sababu shangazi ya mke wangu ana nyumba ya vyumba vitatu huko. Jirani zetu wa upande wa kushoto walipanda mashua kwenda Bukavu, ng'ambo ya pili ya ziwa, wakiwa na sababu ileile. Kanuni ya Zipf inaweza kuokolewa ukikubali kwamba uzito wa mji hautokani na vichwa vyake, unatokana na idadi ya milango ambayo unaweza kugonga usiku bila kujieleza.

Niseme neno dogo juu ya kile ambacho sikukifanya. Watu hupenda kusema kwamba jamii ina inesha, yaani ukaidi wa kubadili mwendo, kwamba kila tendo huzaa tendo kinyume, kwamba serikali zote huelekea entropia, yaani mvurugiko. Hayo si fizikia. Ni methali zilizovaa koti la maabara, kwa kuwa hakuna anayekuambia inesha hiyo hupimwa kwa kipimo gani. Upana wa barabara hupimwa kwa mita, na kasi ya Koko hupimwa kwa saa ya mkononi.

Tulifika Sake saa moja usiku, muda wa saa kumi baada ya kufunga mlango. Katika hizo, kwa hesabu niliyoiweka kwenye simu, saba zilikuwa za kutembea na tatu za kusimama. Mji mdogo ulikuwa umefurika. Shule na makanisa yalijaa watu waliolala sakafuni, na kwa shangazi tulikuwa 31 katika vyumba vitatu. Nadharia ya vizingiti, ikiachwa peke yake, ingesema kwamba tungekaa huko mpaka hofu ishuke. Hofu haikushuka, kilichoshuka ni unga. Waziri Mkuu alitangaza kwamba watu warudi kwa awamu kuanzia tarehe 7 Juni, lakini nyumba nyingi zilikuwa zimeanza kurudi siku kadhaa nyuma, kila moja siku ambayo sufuria yake ilikauka, na sufuria za Goma hazikaukii siku moja.

Ndiyo maana kurudi kwetu, tarehe 3 Juni, ndicho kipimo ninachokitumia sasa darasani kando ya kile cha safari ya kwenda. Barabara ilikuwa ileile, nyumba ileile, chukudu ileile, Koko juu yake. Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, tukiwa na wengine mbele na nyuma lakini kwa nafasi, kwa sababu hakuna redio iliyotupanga sote kwenye dakika moja. Lori lilikuwa limeondolewa, pamebaki mafuta meusi juu ya lami. Saa saba mchana tulikuwa Mabanga: saa saba za kutembea, zilezile saba, bila kusimama ila kwa maji ya kunywa. Koko alifungua fundo la kitenge na kulifikia kufuli kabla sijatua godoro.